Sola ndogo iko juani, betri ya gari bado inakufa: kutafuta tatizo kwa kufuata dalili

Gari limeegeshwa wiki nne. Juu ya dashibodi kuna paneli ndogo ya sola, na taa yake ya kijani imekuwa ikipepesa kila jua likitoka. Mwenye gari anarudi, anazungusha ufunguo, anasikia "tk" moja, kisha kimya. Lalamiko hili linajirudia mno, na karibu kila mara paneli ndiyo inayolaumiwa kwanza. Mara nyingi paneli haina kosa. Ama umeme wake haufiki kwenye betri, ama unafika lakini gari linakula zaidi ya kinacholetwa. Ndiyo maana kazi kubwa hapa ni kupima. Tafuta mita ya umeme inayosoma volti za DC na ampea hadi 10. Bila mita utabaki kubahatisha, na kubahatisha huishia kwenye kununua betri mpya ambayo nayo itakufa vilevile.

Kwanza jua betri iko katika hali gani

Namba za hapa ni za betri ya kawaida ya asidi, ya volti 12. Toa paneli, acha gari lilale saa kadhaa, ndipo upime. Ukipima mara tu baada ya chaji, mita itakupa namba ya kupendeza isiyo ya kweli. Kama huna muda wa kusubiri, washa taa kubwa dakika mbili, zima, tulia kidogo, kisha pima kwenye vichwa vya betri vyenyewe.

- 12.6 au zaidi: imejaa
- 12.4: karibu robo tatu
- 12.2: nusu
- 12.0: robo
- chini ya 11.9: kwa kazi ya starta, hesabu kuwa ni tupu

Ikiwa iko chini ya 12.4, usiiachie paneli ndogo kazi ya kuifufua. Paneli ya wati 10 kwenye jua zuri hutoa zaidi kidogo ya nusu ampea, na siku nzuri huwa na kama saa nne au tano za jua kamili. Hiyo ni ampea-saa mbili na ushee kwa siku. Betri ya ampea-saa 60 iliyobaki nusu inadai 30. Ni wiki mbili za anga safi, tena kama gari lenyewe halili chochote, na gari hula. Muda wote huo fuwele za salfeti zinakomaa kwenye sahani za risasi na uwezo wa betri unapungua kabisa. Ijaze kwanza kwa chaja ya umeme wa nyumbani, halafu paneli ipewe kazi ya kuitunza.

Dalili: taa ya paneli inawaka, lakini betri inashuka kila wiki

Hapa ndipo walalamikaji wengi walipo, na taa ile ndiyo inayowapotosha. Inapata umeme wake kutoka kwenye paneli. Inachokuambia ni kwamba paneli imeona jua. Haijui lolote kuhusu betri. Mimi mwenyewe nilikaa wiki tatu nikiitazama kwa furaha kila asubuhi, kumbe hakuna hata miliampea moja iliyokuwa ikipita.

Sababu, kuanzia inayoonekana zaidi:

1. Tundu la kiberiti cha sigara linakatika ufunguo ukitolewa. Magari mengi yametengenezwa hivyo. Gari likizimwa, tundu nalo limekufa, na paneli uliyochomeka hapo haina njia ya kufika kwenye betri. Kulijua ni rahisi: toa ufunguo, funga milango, subiri nusu saa, kisha chomeka chaja ya simu au pima volti ndani ya tundu. Usubiri huo ni muhimu kwa sababu baadhi ya magari huacha tundu hai dakika kadhaa kabla ya kulikata. Likiwa limekufa, peleka waya moja kwa moja kwenye betri kwa vishikizo vya pete vinavyofungwa na nati, na weka fyuzi ya ampea 3 hadi 5 kwenye waya chanya, isiyozidi shubiri moja kutoka kwenye kichwa cha betri.

2. Fyuzi ya tundu imeungua. Wengi hawagundui kwa kuwa hawatumii tundu hilo kwa kazi nyingine. Angalia pia fyuzi ndogo iliyo ndani ya plagi yenyewe; nyingi hufunguka kwa kuzungusha ncha.

3. Paneli ni ndogo mno. Zile za wati 1.5 zinazokaa kwenye dashibodi hutoa kama miliampea 90 juani. Kwa saa tano ni karibu ampea-saa 0.45. Gari linalokula miliampea 30 likiwa limelala linamaliza 0.72 kwa saa 24. Bado hujahesabu betri inayojimaliza yenyewe taratibu hata bila kuunganishwa na kitu, na kasi hiyo huongezeka joto linapopanda. Paneli ya namna hiyo inachelewesha msiba tu. Kwa gari dogo lenye elektroniki za kawaida, anza kufikiria wati 10, na kama limewekewa kengele ya wizi au kifaa cha kulifuatilia, 20.

4. Kioo. Kioo cha mbele hula sehemu ya mwanga, kile cha giza hula zaidi, na dashibodi imelala bapa huku jua likipita pembeni. Toa paneli nje, ilekeze juani, ulinganishe ampea. Tofauti huwashangaza watu.

5. Kivuli cha kitu kidogo. Seli za paneli zimepangwa mfululizo, mmoja nyuma ya mwingine, hivyo iliyo gizani inawabania wenzake. Kivuli cha wipa, antena, au kinyesi kimoja cha ndege kinaweza kushusha umeme kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Futa kwa maji na kitambaa laini.

Ukishapita hapo, fanya kipimo kinachomaliza ubishi. Karibu na saa sita mchana, tenganisha waya chanya wa paneli, weka mita katikati ukiwa umechagua ampea, usome. Paneli ya wati 10 ikikupa 0.4 hadi 0.55, njia ni nzima na tatizo liko upande wa ulaji. Ikikupa sifuri huku taa ikiwaka, kuna mahali waya umekatika, plagi haijashika, au tundu limekufa.

Dalili: ampea zinaingia mchana, asubuhi betri iko chini kuliko jana

Kuna anayekula usiku. Kabla ya kulisingizia gari, ondoa paneli kwenye orodha ya washukiwa. Paneli isiyo na dayodi ya kuzuia, yaani kipande kidogo kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, inaweza kurudisha umeme kutoka kwenye betri kukiwa giza. Acha mita ilivyo, funika paneli kwa blanketi zito. Isome sifuri au karibu na sifuri. Ikionyesha makumi ya miliampea yakielekea upande wa pili, dayodi haipo au imeharibika. Weka nyingine, na ya aina ya Schottky inafaa zaidi kwa sababu inapoteza volti 0.3 au 0.4 tu badala ya 0.7. Kontrola, yaani kile kisanduku kinachokaa kati ya paneli na betri, hufanya kazi hiyo yenyewe, ingawa nayo ina mdomo wake. Yenye kioo kinachowaka saa zote ikila miliampea 10, huo ni karibu robo ya ampea-saa kwa siku.

Sasa gari. Likiwa limelala vizuri, miliampea 20 hadi 50 ni kawaida kwa magari mengi. Kupima kunataka subira. Zima kila kitu, fungua boneti, funga milango yote, weka ufunguo wa rimoti mbali kabisa na gari. Legeza kichwa hasi cha betri, weka mita kati ya waya hasi na betri kwa ampea 10, kisha ondoka. Kompyuta za gari zinaweza kuchukua dakika 10 hadi saa nzima kulala, na ukisoma mapema utaona ampea kadhaa na kuogopa bure. Fahamu pia kwamba kutoa kichwa cha betri kunaweza kufuta mipangilio ya vioo, na redio nyingine zitakuomba msimbo. Uwe nao kabla ya kuanza.

Usipige starta wala kuwasha swichi mita ikiwa hapo. Starta huvuta zaidi ya ampea 100, na fyuzi ya mita itaenda ndani ya sekunde moja.

Ukiona zaidi ya miliampea 50 baada ya saa nzima, chomoa fyuzi moja moja ukitazama mita. Namba ikishuka ghafla, umeipata njia inayovuja. Wahalifu wa kawaida: taa ya buti ambayo swichi yake haijifungi, redio iliyobadilishwa na kuungwa vibaya, kengele ya wizi, na kifaa cha kufuatilia gari. Hicho cha mwisho nakitaja kwa msisitizo. Kinawekwa chini ya dashibodi, kinasahaulika, na kinatafuta mtandao usiku kucha, hasa gari likiwa limeegeshwa mahali penye mawimbi hafifu.

Ukichomoa fyuzi zote na ulaji ukabaki palepale, shuku alternata, ile jenereta inayochaji betri injini ikizunguka. Dayodi zake zikivuja, umeme hupitia waya mnene usiopita kwenye sanduku la fyuzi. Waya huo una nguvu zote za betri nyuma yake, na spana ikigusa bodi ni moto. Hapo simama, umwite fundi umeme wa magari.

Dalili: betri inasoma 12.7, gari haliwaki

Volti za betri iliyopumzika hazisemi lolote kuhusu nguvu. Betri chakavu inaweza kupanda hadi 12.7 kwa kubembelezwa na sola wiki nzima, kisha ikaanguka starta inapoiomba kazi.

Anza na vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani, nati iliyolegea, waya uliooza ndani ya ganda. Safisha kwa maji ya moto na magadi, kausha, kaza. Ukiweza kuzungusha kishikizo cha kichwa kwa mkono, umekwisha kuipata sababu.

Kisha mwombe mtu apige starta huku mita ikiwa kwenye vichwa vya betri. Ikibaki juu ya 10 na injini haizunguki, tafuta kwenye waya mnene wa bodi, swichi, au starta yenyewe. Ikianguka hadi 8 au 7, betri imechoka. Na ikiwa umeichaji usiku kucha kwa chaja, ukaipumzisha, na bado inasoma karibu 10.5, seli moja kati ya sita imekufa. Paneli ya ukubwa wowote haitaifufua. Usiiache kwenye chaji ukitumaini, kwa maana seli tano zilizobaki zitalishwa kupita kiasi.

Dalili: betri ina joto, inachemka, au inanuka yai viza

Dalili hii usiichunguze huku mambo yakiendelea. Funika paneli kwanza ili umeme ukatike bila cheche, kisha ukate waya upande wa paneli, mbali na betri. Fungua boneti, acha hewa ipite, usivute sigara, usilegeze vichwa vya betri. Hidrojeni inayotoka hulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Betri iliyovimba au kupasuka haiguswi na mwenye gari. Ni ya fundi mwenye miwani na glavu.

Mambo yakishapoa, tafuta kilicholeta hali hiyo. Kinachoongoza ni paneli kubwa isiyo na kontrola. Paneli ya kawaida ya "volti 12" hutoa hadi volti 21 au 22 ikiwa haijaungwa na kitu, na betri iliyojaa haina pa kuupeleka umeme huo ila kuvunja maji yake kuwa gesi. Paneli ya wati 5 bila kontrola kwenye betri ya ampea-saa 60 huwa haina madhara makubwa. Paneli hiyohiyo kwenye pikipiki yenye betri ya ampea-saa 5 ni hatari. Kanuni ninayoifuata: zaidi ya wati 5, au betri yoyote ya pikipiki, weka kontrola.

Kama kontrola ipo, pima volti kwenye vichwa vya betri saa sita mchana injini ikiwa imezimwa. Betri iliyojaa ishikiliwe kati ya 13.5 na 13.8, kupanda hadi 14.4 kwa muda mfupi wakati wa kujaza ni sawa. Ukiona 15, kontrola imekufa au imewekwa kwa aina nyingine ya betri. Betri ya jeli, kwa mfano, haitaki kuvuka 14.2 hivi. Betri za lithiamu zina taratibu zake kabisa: zinahitaji kontrola iliyoandikwa kwa ajili yake, na hazichajiwi zikiwa chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi.

Betri za kufunguliwa, angalia maji. Sahani zikionekana, ongeza maji yaliyochujwa kwa mvuke hadi zifunikwe, kisha ukamilishe kiwango baada ya chaji. Usiongeze asidi. Kilichopotea ni maji; asidi bado imo.

Dalili: kontrola haiwaki au inaonyesha kosa

Mara nyingi umefuata mpangilio usio sahihi. Betri huungwa kwanza ili kontrola ijue inashughulika na volti ngapi, paneli baadaye. Kutoa ni kinyume: paneli kwanza, betri mwisho. Toa vyote, subiri dakika moja, unga upya kwa utaratibu huo.

Isipoamka, pima betri. Kontrola nyingi hukataa kuanza ikiwa volti ziko chini sana, kama 8 au 9. Halafu angalia chanya na hasi. Ukizibadilisha kwa bahati mbaya, ukiwa na bahati fyuzi ndiyo iliyokufa, na ukikosa bahati ni kontrola. Rangi za waya zisikudanganye, hasa kwenye vifaa vya bei ya chini, amini mita.

Dalili: fyuzi inaungua tena na tena

Usiweke kubwa zaidi, na usiifunge kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Paneli ya wati 10 au 20 haina uwezo wa kuunguza fyuzi ya ampea 5 hata ikitaka. Umeme unaoiunguza unatoka kwenye betri, maana yake waya umegusa bodi mahali fulani: ulipobanwa na mlango, ulipopita kwenye tundu la bati bila mpira, au ulipolala juu ya injini ukayeyuka. Ufuate kwa macho na vidole kuanzia kwenye fyuzi. Usipoona shoti ndani ya nusu saa, toa waya wote uweke mpya. Ni kazi ndogo kuliko kuutafuta.

Mambo ya magari ya aina nyingine

Lori au basi la volti 24 lina betri mbili mfululizo. Paneli ya volti 12 haitachaji kitu hapo. Wapo wanaoiunga kwenye betri moja kati ya mbili, nayo hujaa huku mwenzake akibaki nyuma, na baada ya miezi michache zote mbili zimeharibika kwa njia tofauti. Tumia paneli na kontrola za volti 24.

Magari ya miaka ya karibuni, hasa yanayojizima injini kwenye foleni, yana kihisi kidogo kwenye kichwa hasi cha betri kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka. Ukiunga hasi ya sola juu ya kichwa hicho, umeme unapita bila kuhesabiwa, na gari litaendelea kukuonya kuwa betri iko chini ingawa imejaa. Unga hasi kwenye bodi, kwenye nati ya waya wa ardhi, ili umeme upitie kwenye kihisi.

Gari la mseto au la umeme mtupu nalo lina betri ya volti 12, na sola inaweza kuitunza kama nyingine yoyote. Ila waya wa rangi ya chungwa ni wa volti za kuua. Kama njia ya kufikia betri ndogo inakupitisha karibu nazo, funga boneti umtafute fundi aliyesomea magari hayo.

Na kama redio imeanza kukoroma mchana tu, kisha inatulia jua likizama, ni kontrola inayowasha na kukata umeme kwa kasi. Isogeze mbali na antena, fupisha nyaya, zisokote pamoja chanya na hasi. Wengi huishia hapo, wakachomoa tu paneli wanapoendesha.